Nusu ya Chini ya Tangazo

Jumanne, 18 Novemba

Matangazo matatu leo. Mbwa wafungwe. Mbuzi wasichungwe kwenye reli. Maiti wazikwe mbali na visima. Farijala akapuliza mbiu pale sokoni, watu wakaja, nikapanda juu ya sanduku langu. Mstari mmoja kwa Kiswahili, kisha mstari huo huo kwa Kigogo. Ndivyo nisomavyo siku zote. Nasikia makarani wa kwingine husoma Kiswahili tu, aliyeelewa kaelewa. Mimi baba alikuwa mfanyabiashara wa pwani, mama Mgogo wa Kikuyu, kijiji cha hapa jirani, basi lugha zote mbili ninazo. Kijerumani nilifundishwa shuleni Tanga.

Kwenye la tatu mtu mmoja akauliza tangu lini maiti wakachota maji. Kicheko. Hata mimi nilicheka juu ya sanduku.

Jua kali. Mawingu hakuna. Kila mtu anatazama juu.

Jumatano, 19 Novemba

Treni imeleta magunia ya mbegu, uwele na mtama, na tangazo moja kutoka Dar es Salaam. Limechapwa vizuri, Kijerumani kushoto, Kiswahili kulia, mhuri chini. Bwana Shauri, Mjerumani mkuu wa boma, yuko safarini, hajulikani atarudi lini. Kwa hiyo nilimsomea Akida Masudi, ambaye boma liko mikononi mwake.

Nusu ya juu: mavuno ya mwaka jana yamekufa, serikali imeleta mbegu, ziko stoo ya boma. Nusu ya chini: mbegu ni bure kwa kila nyumba. Asitakiwe mtu kazi wala malipo. Atakayetakiwa chochote amshitaki aliyemtaka mbele ya Bwana Mkaguzi.

Akida akaniuliza neno la bure liko wapi. Herufi za Kizungu hazijui, anasoma za Kiarabu tu. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaikunja karatasi papo hapo, juu kidogo ya kidole changu. Akasema hapa panatosha, Karani. Akasema Mgogo ukimpa mbegu bure ataipika.

Nikasema ndiyo, Akida. Nilisema upesi mno. Hata hakunikaripia. Angenikaripia ningekuwa na la kujitetea nalo usiku huu.

Alhamisi, 20 Novemba

Siku ya soko. Wengi walikuja, wengine wametoka mbali na vibuyu vyao vya maji. La mgambo likilia kuna jambo, na wamechoka kungoja jambo.

Nimesoma nusu ya juu. Kiswahili, Kigogo. Vigelegele. Kisha, macho yangu yakiwa bado kwenye karatasi, nikasema, kama Akida alivyoniagiza, kila nyumba italima siku sita katika shamba la Akida ng'ambo ya reli, ndipo ipewe pishi yake ya mbegu. Maneno hayo hayakuandikwa popote. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa najiambia kwamba hayo sikuyasoma, niliyasema tu. Tofauti hiyo nimeitafuta hadi mlangoni. Haipo.

Tatizo likawa ubao. Amri ni kwamba kila tangazo lipigiliwe kwenye ubao ukutani pa boma, nalo lina mhuri, huwezi kulikata. Nikachukua tangazo la zamani la kodi ya kichwa, nikalipachika juu ya nusu ya chini. Misumari minne. Nilijipiga kidole gumba kwa nyundo. Nilistahili.

Ijumaa, 21 Novemba

Akida ameniletea kitambaa cha bafta cha kushonea kanzu. Nyeupe, nzuri kuliko zote nilizowahi kuvaa. Mke wangu Zena amefurahi, ameipeleka kwa fundi kabla sijasema kitu. Ningesema nini?

Msikitini nilisimama safu ya nyuma. Kwa kawaida nasimama ya pili.

Najiuliza kama ni woga. Ndiyo, ni woga. Nimeona watu wakila viboko hamsa ishirini pale uani, nimeandika majina yao kitabuni, nimewasikia. Lakini ukweli lazima niuandike hapa maana hakuna mwingine atakayeuandika: Akida hakunitisha hata kidogo. Niliogopa kabla ya kutishwa.

Jumatatu, 24 Novemba

Mama mdogo Sechelela amekuja bomani kuandikisha jina kwa ajili ya siku sita. Ni mdogo wake marehemu mama. Mama alipougua ni yeye aliyenibeba mgongoni, akanilisha uji wa uwele. Sasa anawalea wajukuu wawili wa marehemu binti yake. Shamba lake liko Kikuyu, limeshatifuliwa, linangoja mbegu tu.

Nikamwambia shikamoo, mama mdogo. Akaniitikia marahaba, mwanangu, akanitazama kanzu. Akaishika kwenye mkono, akaisugua kwa vidole viwili.

Akauliza jambo moja. "Hamisi, ile karatasi ndefu. Maneno uliyosema ni machache. Hakuna mengine?"

Nikamwambia hakuna, mama mdogo. Mengine ni majina ya Wazungu.

Akaridhika. Hilo ndilo linaniuma. Aliridhika kabisa, akaenda kupanga foleni ya majembe.

Jumamosi, 29 Novemba

Mawingu upande wa mashariki. Joto. Ng'ombe wanalia. Watu mia na zaidi wanalima kwa Akida, sehemu kubwa ya shamba lake imekwisha. Nimetumwa kuwasimamia. Nilisimama kwenye kivuli cha stoo, upande huu wa reli, ili mama mdogo asinione. Akaniona. Akanipungia mkono.

Jumanne, 2 Desemba

Mvua.

Imeanza alfajiri, kubwa, ya kulainisha ardhi hata kwa kidole. Mtu yeyote wa nchi hii anajua mvua hii ni ya kupanda siku hiyo hiyo. Hapa kwetu mvua haisubiri mtu. Leo ilikuwa siku ya tano ya mama mdogo. Aliomba ruhusa akapande kwake, siku ya sita atakuja kuimaliza baadaye. Mnyapara akamwambia mbegu haitoki kabla ya siku ya sita. Akabaki. Akapanda shamba la Akida, mstari baada ya mstari, mvua ikimnyeshea mgongoni.

Nilikuwa na ufunguo wa stoo mfukoni. Ufunguo wenyewe. Kutoka niliposimama hadi mlango wa stoo ni hatua ishirini hivi.

Alhamisi, 4 Desemba

Jana amepewa pishi yake. Leo amepanda. Leo mvua imekatika. Upepo mkavu tangu asubuhi, udongo umefanya ganda.

Zena ananiuliza kwa nini sili. Nimemwambia tumbo.

Jumapili, 7 Desemba

Mvua bado haijarudi. Nimepita Kikuyu nikijifanya nina safari nyingine. Shamba la mama mdogo lina vijiti vichache vya kijani vilivyoinama. La Akida ng'ambo ya reli limeota lote.

Mchana Mwalimu Yohana amekuja kwenye ubao. Ni Mgogo, anafundisha kwenye shule ya misheni, mtu mpole sana, anasoma Kiswahili vizuri kuliko mimi. Alikuwa anatoka ibadani. Nilikuwa ndani ya ofisi, dirisha wazi. Nikamwona anasoma tangazo la mbegu, anafika katikati, anakuta kodi. Akarudi juu. Akasoma tena. Halafu akaweka ukucha chini ya karatasi ya kodi, akainyanyua taratibu, msumari mmoja ukaanguka.

Alisoma hadi mwisho midomo ikicheza. Akauokota msumari. Akaja dirishani, akauweka mbele yangu juu ya meza.

"Umeanguka," akasema.

Basi. Angenitukana ningemchukia, ingekuwa afadhali. Nikabaki na msumari.

Jumanne, 9 Desemba

Habari zimeenea. Yohana amewaambia. Kisimani wanawake wakaacha kuzungumza nilipopita. Farijala, ambaye kila siku ananitania kwamba yeye anapuliza na mimi ndiye ninayechoka, leo hakutania.

Mama mdogo sijamwona.

Jumatano, 10 Desemba

Simu ya waya kutoka Dar es Salaam: Bwana Mkaguzi anafika keshokutwa kwa treni. Atakaa mbele ya boma, atasikiliza mashauri ya watu kuhusu mbegu. Ni mgeni katika nchi hii, Kiswahili hajui. Mimi ndiye mkalimani.

Akida ameniita. Amenipa kahawa. Safari hii amenitisha, lakini kwa upole, kama mtu anayekukumbusha umesahau kofia. Aliyeisoma karatasi sokoni ni nani? Aliyepigilia misumari ni nani? Mwandiko wa kitabu cha siku sita ni wa nani? Nikajibu kila swali. Yote jibu lake lilikuwa mimi.

Hata hivyo nimeazimia. Naandika ili nisigeuke: keshokutwa nitatafsiri kila neno kama lilivyosemwa. Wao waseme, Bwana asikie, Mungu aamue.

Ijumaa, 12 Desemba

Sikutafsiri.

Niandike kwa utaratibu. Turubai lilifungwa mbele ya boma. Bwana Mkaguzi akakaa, mtu mnene, mwekundu kwa jua, anajifuta shingo kila mara. Akida nyuma ya kiti chake. Mimi pembeni, ndani ya ile kanzu, kwa kuwa Zena alisema siku kubwa huvaliwa nguo nzuri. Watu walijaa hadi kwenye reli. Hawakupiga kelele. Walikuwa wamepanga nani aseme.

Akasimama mama mdogo. Mikono ina malengelenge ya jembe. Alisema Kiswahili, si Kigogo, polepole, akilitua kila neno, akidhani Mzungu mwenyewe ataelewa. Akasema: "Mwulize Bwana, barua yake ilikuwa na maneno mangapi. Sisi tulipewa nusu. Nani alikula nusu ile nyingine?"

Mwalimu Yohana akaja na karatasi zote mbili, akaonyesha matundu ya misumari.

Hapo nilitafsiri. Naapa nilianza kutafsiri. Nilisema kwa Kijerumani: wanasema hawakujua kwamba mbegu ni bure. Bwana Mkaguzi akashangaa. Akanigeukia mimi, si Akida, mimi, akauliza kwa nini hawakujua. Tangazo halikusomwa?

Nikasikia Akida anakohoa.

Nikasema lilisomwa lote, Bwana. Nikasema lakini hawa ni Wagogo. Wanasikia Kiswahili kidogo tu. Wakisomewa hili wanaelewa lile.

Na ubao, akauliza, mbona karatasi juu ya karatasi? Nikasema ubao ni mdogo. Ubao kweli ni mdogo. Uongo wangu wote leo ulitembea na kaukweli kamoja mkononi.

Bwana Mkaguzi aliniamini pale pale. Alitikisa kichwa kwa huzuni, kana kwamba nimemwambia kitu alichokwisha kukijua kabla hajapanda treni. Akaandika. Swali jingine hakuuliza. Mwanamke aliyetoka kumwuliza kwa Kiswahili safi amesimama hatua tatu mbele yake, naye Bwana anaandika kwamba mwanamke huyo na wenzake Kiswahili hawakijui.

Mama mdogo akaniuliza Bwana amesema nini. Nikamwambia amesema amesikia.

Jumamosi, 13 Desemba

Nilipokuwa mdogo watoto wa kina baba waliniita Mgogo, mjinga, hajui kusema. Nilirudi nyumbani nalia. Mama alinifuta machozi kwa kiganja, akasema lugha mbili ni mikono miwili, wao wana mmoja.

Jana tusi lile lile nimelitamka mimi. Kwa Kijerumani.

Jumatatu, 15 Desemba

Amri ya Bwana Mkaguzi imekuja kabla hajapanda treni kurudi. Nimeitafsiri mwenyewe, nimeiandika kwa mwandiko wangu bora.

Kwa kuwa imeonekana wenyeji wa Ugogo hawaelewi matangazo, kuyasoma sokoni kukomeshwe. Tangu leo kila tangazo litapelekwa kwa Akida, naye atawaambia watu lile linalowahusu, kwa jinsi atakavyoona inafaa.

Nimesoma mara tatu. Mara ya tatu nikaelewa nimefanya nini. Nilidhani nimedanganya kuhusu karatasi moja. Nimewafungia karatasi zote.

Akida alicheka hadi akashika mbavu. Akasema hata yeye asingelifikiria hilo.

Farijala ametundika mbiu ukutani. Ananiuliza sasa atafanya kazi gani.

Jumatano, 24 Desemba

Kanzu nimeikunja, nimeiweka chini ya sanduku. Zena ameona. Nikamweleza yote, kutoka mwanzo. Hakulia, hakugomba. Aliuliza tu kama mama mdogo ana chakula. Nikasema sijui. Akasema basi kajue.

Sikwenda.

Alhamisi, 1 Januari

Wazungu wanasherehekea. Mvua imenyesha kidogo, imechelewa. Mimea iliyokufa haifufuki. Nimesikia Kikuyu wanachemsha mizizi na majani ya porini. Jana nimempa Farijala kibaba cha unga ampelekee mama mdogo, asiseme kimetoka wapi. Amerudi nacho. Mama mdogo alijua.

Jumanne, 6 Januari

Tangazo jipya. Ni la Kijerumani tu, kwa kuwa sasa halisomwi kwa watu. Akida alinipa nimwambie lina nini.

Mchele unakuja kwa treni. Kila nyumba ambayo shamba lake halikuota ifike yenyewe stesheni Jumamosi asubuhi, ithibitishwe na jumbe wa kijiji chake, ipewe. Bure. Nyumba isiyofika itahesabiwa kuwa haina shida.

Akida akalitia mfukoni. Akasema Jumamosi tutaona nani atafika. Akacheka. Nilicheka pia? Nadhani sikucheka. Natumaini sikucheka.

Lakini nilikuwa nimelisoma mara mbili, na kichwa changu kimezoea kazi hii. Nilipofika nyumbani nililiandika lote, Kijerumani kushoto, Kiswahili kulia.

Alhamisi, 8 Januari

Nimekwenda Kikuyu asubuhi, kabla ya kazi. Nimevaa kanzu ya zamani.

Mama mdogo alikuwa mbele ya tembe yake anachambua majani. Wajukuu wamekaa ukutani, kimya, wamekonda. Nikamwambia shikamoo, mama mdogo. Akamaliza kuchambua jani lililokuwa mkononi. Kisha akasema, "Marahaba, Karani."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba radhi. Yakaisha yote hapo. Nikasema tu nimeleta tangazo. Nikalisoma, Kiswahili, Kigogo, hadi chini. Akauliza kama ni hilo tu. Ndiyo. Akasema soma tena. Nikasoma tena. Alisikiliza ameinamisha kichwa, bila kunitazama, kama asikilizavyo mtu anayehesabu.

Kisha akanyoosha mkono, akachukua karatasi, akampa mjukuu mkubwa aipeleke kwa Mwalimu Yohana. Akaniambia ningoje.

Nikangoja. Nilikaa chini, mgongo kwenye ukuta wa tembe, upande wa jua. Watu walipita wakiniona. Nilijua nikikutwa na Akida ni hamsa ishirini, na kazi basi. Hilo halikuwa zito kama kukaa pale nikingoja mtu mwingine athibitishe nilichosema, katika nyumba nilimobebwa mgongoni.

Yohana akaja mwenyewe na karatasi. Kijerumani hajui, lakini Kiswahili amekisoma chote. Akamwambia mama mdogo ni sawa na alivyoambiwa, hakuna kilichobaki. Kuhusu ile nusu ya Kijerumani, akasema, itabidi kumwamini huyu. Mama mdogo akafikiri. Akasema Jumamosi si mbali, tutajua.

Akaita majirani. Wakaja ishirini, thelathini. Hapakuwa na mbiu, hapakuwa na sanduku. Akanirudishia karatasi, akamweka Yohana karibu yangu, bega kwa bega.

"Soma," akasema. "Na wewe, Mwalimu, fuata."

Nikasoma. Kidole cha Yohana kikatembea chini ya kila neno, neno moja nyuma yangu, kama nilivyofundishwa shuleni Tanga nilipokuwa sijui a wala be. Nilipofika katikati ya karatasi, watu wakasogea karibu. Kidole kikaendelea kushuka, nami nikaendelea kushuka nacho, hadi mstari wa mwisho.